Kura ya mwanamke bado inasubiri karatasi

Kila Machi 8 inapokaribia, simu zetu hujaa tarehe. Tunakumbushwa kwamba New Zealand iliwapa wanawake kura mwaka wa 1893, na sisi Wakenya hujibu kwa fahari kwamba kwetu jambo hili halikuwa na vita, kwamba uhuru ulipofika 1963 kila mtu mzima, mke kwa mume, alikuwa na kura yake. Maneno hayo ni kweli nusu. Nusu ya pili niliikuta Kibera.

Nilikuwa Nairobi kwa msiba wa jamaa upande wa mke wangu, mtaani Makina. Baada ya khitma nikaketi na bibi mmoja wa Kinubi. Mjukuu wake wa kike ana miaka 19, amemaliza kidato cha nne, na hana kitambulisho. Amekwenda ofisini mara nne. Kwanza aliambiwa alete cheti cha kuzaliwa cha mama yake, akaleta. Kisha kitambulisho cha baba, akaleta. Sasa anatakiwa cheti cha babu.

"Mwanangu," bibi akaniambia, "babu yake kazaliwa hapa hapa, na baba wa babu yake kavaa sare ya Mwingereza. Nani alikuwa akiandika vyeti siku hizo?"

Wazee wa Kinubi walikuwa askari waliotoka Sudan wakaitumikia King's African Rifles, na mwaka wa 1918 serikali ya kikoloni ilitenga zaidi ya ekari 4,000 za Kibra kwa ajili ya jeshi na familia zao. Karne moja baadaye, 2017, wakapewa hatimiliki ya ekari 288. Tuseme walau ardhi hiyo imetambuliwa. Lakini kijana wao akifika miaka 18 amezoea kupigwa msasa mbele ya jopo, aulizwe wazazi wa wazazi wake walitoka wapi. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza mwisho wa msasa wa aina hiyo kwa wakazi wa kaskazini mashariki na kaunti za mpakani. Tamko ni jambo moja, dirisha la ofisi ni jambo jingine. Na bila kitambulisho au pasipoti, sheria haimruhusu mtu kusajiliwa kuwa mpiga kura. Ndiyo kusema msichana huyu ana haki ambayo Katiba imemwandikia na hawezi kuigusa.

Hapa ndipo historia inapotusaidia kuliko tarehe za kwenye simu. Kura ya mwanamke nchini haikuja siku moja. Wanawake wa Kizungu waliipata 1919. Waarabu wa Pwani walipopewa uwakilishi, kura ilikuwa ya wanaume, na wanawake wa Mombasa wakalazimika kuidai wenyewe. Mwanahistoria Margaret Strobel ameeleza jinsi kina mama wa mji huo walivyotoka kwenye vyama vya lelemama hadi kupeleka madai yao serikalini. Haya hatuwafundishi watoto wetu, na ni aibu yetu. Wenzetu wa Unguja walikaa nje ya uchaguzi wa 1957, wakapanga foleni kwa mara ya kwanza Januari 1961.

Mwafrika wa Kenya alichagua wabunge wake kwa mara ya kwanza Machi 1957, na mwanamke hakukatazwa kwa jina. Alikatazwa kwa masharti. Mpiga kura alitakiwa awe na elimu, au kipato, au mali, au awe ametumikia serikali au jeshi kwa muda mrefu, na aliyetimiza mengi alipewa hadi kura tatu. Sasa hesabu mwenyewe: ni wanawake wangapi wa wakati huo walikuwa na mshahara, shamba kwa jina lao, au utumishi wa jeshi? Mlango uliachwa wazi na kizingiti kikainuliwa. Masharti yalilegezwa 1961, akaingia aliyejua kusoma na kuandika au aliyepita miaka 40. Mwaka wa 1962 Priscilla Abwao alikaa kwenye mkutano wa Lancaster House kule London, na mwaka uliofuata masharti hayo yakaondolewa.

Upande wa Dagoretti, ambako leo kuna Kawangware, kizingiti kilikuwa kirefu zaidi. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa mwaka huo wa 1957 waonyeshe hati ya uaminifu kwa serikali kabla ya kuandikishwa. Ilikuwa bado hali ya hatari, na wanawake wengi wa Kikuyu walikuwa wamepitia kizuizi cha Kamiti. Hati ile na cheti cha babu anachotakiwa msichana wa Makina, mimi nauona ni ukoo mmoja. Zote mbili zinamtaka mtu athibitishe kwamba ni wa hapa kabla hajaruhusiwa kusema lolote.

Kawangware ya leo ina kizuizi kingine, nacho ni hofu. Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, majirani walipigana pale na maduka yakateketezwa. Mama mmoja muuza mboga karibu na steji aliniambia kwamba tangu hapo, wiki ya kura ikifika, yeye na wanawe hupanda basi kwenda kwao Magharibi. Kwa kuwa mtu hupiga kura pale alipojiandikisha tu, kura yake hubaki Nairobi bila mwenyewe. Hakuna aliyemnyima. Hata hivyo tangu hapo hajapiga.

Eneo bunge lake, Dagoretti Kaskazini, lilimchagua mwanamke, Beatrice Elachi, mwaka wa 2022, na kabla ya mgawanyo Beth Mugo alikuwa mbunge wa Dagoretti tangu 1997. Kibra bado. Sheria ya kutekeleza kanuni ya thuluthi mbili nayo haijapita, ingawa Jaji Mkuu David Maraga alishauri Bunge livunjwe kwa sababu hiyo Septemba 2020.

Nasema haya nikiwa mwanamume wa Pwani, na sisi wanaume tuna yetu ya kujibu, tunaowatajia wake zetu jina la kumpigia usiku wa kuamkia kura. Lakini shida ya karatasi naijua kwa ngozi yangu. Nilipofika miaka 18 niliambiwa jina langu ni la Kiarabu, nilete cheti cha babu. Kilipopatikana, uchaguzi wa Desemba 1997 ulikuwa umeshapita. Wamakonde wa Kwale walilazimika kutembea hadi Nairobi 2016 ndipo wakatambuliwa, na Wapemba wa Kilifi walisubiri hadi 2023. Katika jamii hizo wako wanawake waliokuwa bibi tayari walipopiga kura ya kwanza.

Uchaguzi ujao ni Agosti 2027, na daftari hufungwa kabla ya siku hiyo. Nilipoaga, yule msichana alikuwa akipanga karatasi zake ndani ya bahasha ya kaki. Ameambiwa arudi mwezi ujao, na safari hii aje na wazee wawili wa kumshuhudia. Bibi yake amejitolea kuwa mmoja wao. Wa pili wanamtafuta.