Tuwaoneshe Watoto Ukutani, Tuwaoneshe na Mkunazini



Katika Qur'ani Tukufu, Mwenyezi Mungu (S.W.) anatuhimiza mara kadhaa tutembee katika ardhi na tuzingatie mwisho wa waliotutangulia. Kwa sisi tunaoishi Arash, safari ya Zanzibar si ya kila mwaka. Familia huenda kwa harusi, kwa msiba au kumpeleka kijana chuoni. Basi atakayejaaliwa kufika asiishie Forodhani kula urojo. Atenge nusu siku, atembee Mji Mkongwe kwa miguu pamoja na wanawe. Si lazima amlipe mtembeza wageni; lililo lazima ni kujua anachokitazama.

Aanzie Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Oman baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Jirani yake ni Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Hapo mzazi amekwisha pata somo la kwanza: fahari ya dunia haidumu. Kisha aingie vichochoroni hadi Hamamni, penye bafu la umma la Barghash huyo huyo, na baadaye Ukutani, alikosomesha Sheikh Abdullah Bakathir, mwanafunzi wa Sayyid Ahmad bin Sumait. Masheikh hao wawili walifariki mwaka mmoja, 1925, na elimu yao ilienea pwani nzima.

Wazazi wengi wangependa matembezi yaishie hapo. Lakini mwendo mfupi kutoka Ukutani ni Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa mpaka mwaka 1873, Barghash alipotia saini mkataba wa kulifunga kwa shinikizo la Waingereza. Waanglikana wakajenga kanisa papo hapo. Uani pana sanamu za watumwa wamesimama shimoni, minyororo shingoni, zilizowekwa mwaka 1998. Utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa kisheria Zanzibar hadi mwaka 1897.

Tusipite njia nyingine. Mtoto atayasoma haya shuleni, na atauliza. Akikuta tulimficha, atadhani ama hatujui, ama tunatetea. Tumweleze kwamba biashara ile ilikuwa na wanunuzi wengi, wakiwemo Wafaransa waliotaka watu wa kulima visiwa vyao vya Bahari ya Hindi. Lakini tusijifiche nyuma ya Wafaransa. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalilimwa na watu walioletwa kutoka bara, na miongoni mwa waliowaleta na kuwanunua walikuwamo Waislamu, waliosali katika misikiti hii hii.

Je, kusema hivyo ni kuiaibisha dini? Hasha. Surat an-Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha kusimamia uadilifu hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa zetu. Na katika Hadithi Qudsi iliyopokewa na Bukhari, mtu aliyemuuza muungwana akala thamani yake ni katika watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Dini iliyofanya kumwacha mtumwa huru kuwa ibada na kafara haihitaji kulindwa kwa kuficha kweli.

Mtoto aelezwe na hili: wengi wa walioletwa kwa minyororo walisilimu, na leo wajukuu wa walionunuliwa na wajukuu wa walionunua husimama bega kwa bega katika safu moja. Hilo ataliona mwenyewe mkiingia msikiti wa karibu kusali Alasiri.

Adabu za njiani ni chache: mavazi ya staha, kuomba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na kukumbuka kwamba nyuma ya kila mlango wa nakshi wanaishi watu. Jioni, kabla ya kulala, muulizeni mtoto alichokiona, kisha mwacheni aseme.

Wabillahi tawfiq.