Arudiye Mikono Mitupu

Kila inapokaribia sikukuu ya somo wa parokia, husimama mtu mmoja kikaoni akauliza: kwa nini fedha hizi zisinunue madawati ya shule? Ni swali la mtu mwenye akili, na kwa kawaida hupigiwa makofi. Hata mimi nilikuwa nikimpigia makofi. Niliacha nilipokwenda Manila kwa masomo ya miaka miwili. Mwezi Mei wa mwaka wa kwanza, sista mmoja Mfilipino niliyesoma naye alinichukua kwao, kijiji cha wakulima wa mpunga na nazi katika mkoa wa Quezon, kwenye sikukuu ya Mtakatifu Isidori Mkulima.

Wanaoipinga sikukuu ya namna ile nitawajibu kwanza. Kisha nitawageukia wanaoipenda, maana kwa maoni yangu hao ndio wanaoiua.

Ufilipino karibu kila mji na kila kijiji una somo wake, na siku ya somo huyo ni siku ya watu kurudi nyumbani. Waamini husali novena siku tisa. Tarehe 15 Mei huanza kwa misa, kisha maandamano: sanamu ya Isidori, yule kibarua wa Hispania aliyelima shamba la mtu mwingine, hubebwa kupita mbele ya nyumba za wakulima. Katika mji wa Lucban, ulio mkoa huohuo, kuta za nyumba hupambwa kwa mavuno yenyewe: mboga, matunda, masuke ya mpunga, na kiping, yaani vipande vyembamba vya unga wa mchele vyenye umbo la jani, vilivyotiwa rangi. Huko Pulilan, mkoani Bulacan, wakulima huwaleta nyati wao wa kulimia mbele ya kanisa na kuwapigisha magoti.

Lakini kilichonigeuza mimi ni milango. Baada ya misa, kila nyumba iko wazi. Hakuna kadi ya mwaliko. Mtu akipita barabarani huitwa, "Kain tayo!" maana yake, tule. Siku ile nilikula katika nyumba tano. Katika ya nne hakuna aliyeniuliza jina langu mpaka nilipomaliza kula. Wenye nyumba walikuwa maskini, lakini walikuwa na wali, samaki, na kipande cha nguruwe aliyebanikwa mzima, waliyechangia na jirani.

Sasa mtu wa madawati ataniambia: huo ni ufujaji. Naye ana mashahidi wazito. Mwaka 1887 José Rizal, Mfilipino mwenyewe, aliandika riwaya ya Noli Me Tángere, na ndani yake alionyesha mji unaomwaga fedha kwa fataki na bendi huku mahitaji ya watu yakibaki palepale. Wapo pia wanaotukumbusha kwamba sikukuu hizi zililetwa na Wahispania ili kuwavuta watu waliotawanyika waje kukaa karibu na kanisa, chini ya sauti ya kengele, mahali ambapo ni rahisi kuwahubiria na kuwatoza kodi. Yote hayo ni kweli. Lakini kitu kikianzishwa na mtawala hakibaki mikononi mwake milele. Mtawala aliondoka. Waliobaki ni wakulima, na mlango wazi ni wao.

Tena, ndugu yangu wa madawati, fungua Kumbukumbu la Torati sura ya 14. Mungu anawaamuru watu wake wale sehemu ya zaka mbele zake kwa furaha, na anataja nani asisahauliwe: Mlawi, mgeni, yatima, mjane. Fungua Nehemia 8: watu wanaambiwa wale vilivyonona, na wawapelekee fungu wale ambao hawakuandaliwa kitu. Karamu haikuanza kwa shetani. Papa Paulo VI, katika waraka wake wa mwaka 1975 juu ya uinjilishaji, alikiri kwamba ibada za watu wa kawaida zina kasoro zake, lakini akasema zikiongozwa vizuri zina utajiri mkubwa. Na kumbuka aliyeuliza kwa nini marhamu yasiuzwe maskini wakapewa fedha: Yohana 12 inamtaja kwa jina, na inasema maskini hawakuwa shida yake. Sisemi kila mweka hazina ni Yuda. Nasema hesabu pekee haijawahi kumlisha mjane.

Hapo nimemaliza na wapinzani. Sasa nawageukia wapenzi.

Katika nyumba ya rafiki yangu, Nanay, mama mzazi, alikuwa ameweka kando sahani iliyofunikwa. Nilidhani ni ya mgeni aliyechelewa. Rafiki yangu akaniambia ni ya mdogo wake, aliyekuwa akifanya kazi za ndani Ghuba. Mama humwekea kila mwaka, ingawa anajua hayupo.

Kesho yake, tarehe 16 jioni, mapambo yakiwa yanashushwa, yule binti aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa na begi moja la mgongoni. Mwajiri wake alikuwa amevunja mkataba na hakumlipa mishahara ya mwisho. Alikuwa ametua Manila siku kumi kabla. Ndugu msomaji, pima jambo hilo. Siku zile tisa ambazo sisi tulikuwa tukisali novena ya Isidori, yeye alikuwa amelala sakafuni kwa rafiki yake mjini, akingoja sikukuu ya kwao ipite ndipo aende kwao.

Kwa nini? Sababu ilikuwa imetundikwa ukutani pa kanisa la kijiji. Lilikuwa bango kubwa la plastiki lenye majina ya wachangiaji na kiasi alichotoa kila mmoja, juu kabisa walioko nje ya nchi. Mwaka uliotangulia jina lake lilikuwa la pili. Mwaka ule barua ya mchango ilimfuata mpaka Ghuba, na hakuwa na cha kujibu. Kule, anayerudi kutoka ng'ambo huitwa balikbayan, na watu wanamtazamia aje na sanduku lake kubwa la zawadi. Balikbayan asiye na sanduku, ambaye jina lake limefutika ukutani, atapitaje katika milango ile iliyo wazi?

Asubuhi ya jana yake nilikuwa nimesimama mbele ya bango lile nikilisifu kwa mpangilio mzuri.

Usiniambie ni kisa cha mtu mmoja. Mwaka 1974 serikali ya Ferdinand Marcos ilitunga sheria ya kazi iliyoweka utaratibu wa kupeleka wafanyakazi nje, na tangu hapo mamilioni wameondoka. Siku hizi fedha wanazotuma nyumbani zinazidi dola bilioni 30 kwa mwaka. Barabara ngapi za vijijini, paa ngapi za makanisa, zimebebwa na mabega ya watu ambao hawapo! Sikuwalaumu hata kidogo wanaotoa kwa moyo. Ninachokilaumu ni kanisa kuchukua upendo huo na kuugeuza kiingilio. Bango lile halikuwekwa na wapagani. Lilichapishwa na kamati, likatundikwa kwenye ukuta uliobarikiwa, na padre akapita chini yake akiwa amevaa kanzu ya misa.

Mtume Paulo, katika barua ya kwanza kwa Wakorintho sura ya 11, aliwakemea waliokula karamu ya Bwana huku wakiwaaibisha wasio na kitu. Alisema kufanya hivyo ni kulidharau Kanisa la Mungu. Yakobo katika sura ya 2 anatuonya tusimkalishe mwenye pete ya dhahabu mbele na maskini chini. Na baba wa Luka 15 alipomwona mwanawe akija kwa mbali, alikimbia. Angesubiri kwanza kuona kama amebeba sanduku, injili ingekuwa nyingine.

Wenye kamati watajibu: bila majina, michango itashuka. Na ishuke! Nguruwe akiwa mdogo, sikukuu haijawa ndogo. Bendi isipokuja, tuna midomo ya kuimbia. Lakini mtu mmoja akijificha ili asionekane maskini siku ya somo ambaye alikuwa kibarua, sikukuu hiyo imepotea, hata mkichoma nguruwe kumi. Isidori mwenyewe asingekuwa na jina kwenye bango lile.

Nasema haya kwa ajili yetu pia. Desemba mabasi ya kwenda Kilimanjaro hujaa watu wanaorudi kula Noeli nyumbani, na ni jambo jema. Lakini wapo mjini wanaosema, "Mwaka huu sirudi, sina kitu." Tumewahi kujiuliza nani aliwafundisha kusema hivyo? Tunaposoma kanisani majina na kiasi, tukianza na aliyetoa nyingi, na watu wakapiga makofi kwa viwango, tunawafundisha sisi.

Kwa hiyo ninadai mambo matatu. Majina na viwango visisomwe wala kutundikwa. Kamati iwe na daftari lake, na Mungu ana lake. Familia isikope ili kulisha wageni. Mgeni wa kweli atashiba wali na mchuzi. Na katika siku tisa za novena, kila jumuiya iulize ni nani wa kwetu hajaonekana, kisha watu wawili waende kumtafuta, au wampigie simu, wamwambie aje alivyo.

Jioni ile Nanay hakuuliza sanduku liko wapi. Alifunua sahani, akapasha wali wa jana, akasema, "Kain na, anak." Kula sasa, mwanangu. Binti alikula akilia, na mama yake alikaa naye mpaka alipomaliza. Siku moja kabla, kanisani, tulikuwa na misa, bendi na mahubiri marefu juu ya ukarimu, na yeye hakuweza kuingia. Kikao kijacho cha sikukuu kikikaa, kabla hamjauliza nani ametoa ngapi, ulizeni kwanza nani anaogopa kuja.