Korosho Ziko Kilwa, Mashine Ziko Ng'ambo

Korosho ya Kilwa hupita mikono mingi kwa muda mfupi. Mkulima huiokota chini ya mkorosho, huitenga na bibo lake, huianika, kisha huipeleka chama cha msingi. Huko hupimwa na kuingizwa ghalani kwa stakabadhi, na siku ya mnada wa Chama Kikuu cha Ushirika Lindi Mwambao wanunuzi hutaja bei zao. Mnada ukiisha, mikono ya Kilwa imemaliza kazi. Sehemu kubwa ya korosho ghafi ya kusini hupakiwa melini kwenda Vietnam na India.

Katika viwanda vya Vietnam korosho hiyo hupikwa kwa mvuke, hupasuliwa kwa visu vya mashine, hukaushwa na kumenywa ngozi yake nyembamba kwa msukumo wa hewa. Mwisho, viini hudondoka kimoja kimoja mbele ya kamera. Kamera hukikagua kila kiini kikiwa bado hewani. Kikionekana na doa au rangi isiyotakiwa, pumzi kali ya hewa hukisukuma pembeni kabla hakijafika chini. Zamani kazi hiyo yote, kuanzia kubangua hadi kupanga madaraja, ilifanywa na wanawake waliokaa mezani kutwa nzima.

Toleo hili limetengewa mjadala wa roboti za viwandani na athari zake kwa kazi na tija. Katika mjadala huo msomaji wa Kipatimu, Kilwa Kivinje au Somanga huambiwa ajiandae kwa siku roboti itakapofika na kumpokonya kazi. Jarida hili linaiona hatari hiyo kwingine. Mashine inayomgusa zaidi mtu wa pwani ya Lindi imekwisha kufika kazini, ila iko ng'ambo, na inabangua zao lililotoka mlangoni kwake.

Roboti ya kwanza ya kiwandani, Unimate, ilianza kazi mwaka 1961 katika kiwanda cha General Motors jimboni New Jersey, Marekani, ikishika vipande vya chuma vilivyotoka kwenye kalibu vikiwa bado vya moto. Kufikia mwaka 2023, kwa hesabu ya Shirikisho la Kimataifa la Roboti, roboti zilizokuwa kazini duniani zilizidi milioni 4.2. Mwaka huo peke yake zilifungwa mpya zaidi ya 540,000, na zaidi ya nusu yake zilikwenda China. Korea ya Kusini ilikuwa na roboti zaidi ya 1,000 kwa kila wafanyakazi 10,000 wa viwandani, wakati wastani wa dunia ulikuwa 162. Takwimu hizi huhesabu mikono ya chuma inayoweza kupangiwa kazi mbalimbali kwa programu. Mashine ya kuchambua korosho haimo. Hata hivyo kiuchumi ni ya ukoo huohuo, kwa sababu inachukua kazi ya jicho na mkono wa binadamu na kuifanya bila kuchoka.

Wachumi waliopima athari za roboti hawajafika kwenye jibu moja. Georg Graetz na Guy Michaels, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, waliangalia nchi 17 kati ya 1993 na 2007. Walikuta roboti zimeongeza ukuaji wa tija ya kazi kwa takriban pointi 0.36 za asilimia kwa mwaka, bila kupunguza kwa kiasi cha kuonekana jumla ya ajira, ingawa sehemu ya wafanyakazi wenye ujuzi mdogo ilipungua. Daron Acemoglu na Pascual Restrepo walichambua Marekani peke yake, mkoa kwa mkoa, na matokeo yao ya mwaka 2020 yana uchungu zaidi: roboti moja ya ziada kwa kila wafanyakazi 1,000 ilipunguza uwiano wa watu walioajiriwa kwa pointi 0.2 za asilimia, na mishahara kwa asilimia 0.42.

Tafiti hizi mbili hazigongani kama zinavyoonekana. Ya kwanza inatazama nchi nzima, ambamo mtu aliyepoteza kazi mji mmoja huhesabiwa pamoja na aliyeipata mji mwingine. Ya pili inatazama mji wenyewe, ule ambamo roboti ilifungwa na watu wakarudi nyumbani. Lakini zote mbili zinatazama nchi zenye viwanda. Mahali ambapo kiwanda hakikujengwa, au kilijengwa kikafa, hapaonekani kwenye takwimu zao, maana kazi ambayo haijawahi kuwepo haiwezi kuandikwa kuwa imepotea.

Na kusini mwa Tanzania viwanda vilijengwa. Hapa ndipo historia yetu ina jambo la kuwafundisha hata wachumi hao. Kuanzia miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilijenga viwanda 12 vya kubangua korosho, vingi kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kwa teknolojia ya Italia na ya Japani. Lindi ilipata chake, Mtama na Nachingwea vilevile, na vingine vikaenda Masasi, Newala, Mtwara, Tunduru, Kibaha na Dar es Salaam. Kwa pamoja vilikuwa na uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Kwa wakati wake ulikuwa mradi wa mashine wa kujivunia.

Mtambo wa aina moja wa enzi hiyo ulifanya kazi hivi. Korosho ilitumbukizwa ndani ya mafuta ya moto yaliyotoka kwenye maganda yake yenyewe, ganda likakauka na kuwa jepesi kuvunjika, kisha mtambo unaozunguka kwa kasi ukairusha korosho ikagonga ukuta wa chuma na kupasuka. Shida ni kwamba korosho mbili hazifanani. Zina mkunjo wa figo, unene tofauti na ukubwa tofauti, na pigo linalotosha kupasua ganda la moja huvunja kiini cha nyingine. Katika soko la dunia kiini kizima ndicho chenye bei. Daraja la W320, linalojulikana kuliko yote, lina maana ya viini vizima 300 hadi 320 katika ratili moja. Vipande huuzwa kwa bei ya chini sana. Mbanguaji wa Kollam, India, aliyekaa sakafuni na kirungu chake, kwa kila kilo alitoa viini vizima vingi kuliko mtambo wa mamilioni.

Wakati mitambo inasimikwa, zao lenyewe lilikuwa linaporomoka. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya takriban tani 145,000. Msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Kampeni ya serikali ya kuwakusanya watu vijijini, Operesheni Vijiji, iliwahamisha wakulima mbali na mikorosho yao, bei ya mkulima ikawa ndogo, na ugonjwa wa ubwiriunga ukashambulia maua ya mikorosho isiyopuliziwa salfa. Vipuri vilihitaji fedha za kigeni ambazo hazikuwepo. Viwanda vingi vilifungwa muda mfupi baada ya kuzinduliwa, na vichache havikuwahi kufanya kazi ipasavyo hata siku moja.

Ni muhimu kuelewa kilichotokea hapo. Mashine za kusini hazikushindwa kwa sababu ziliwaondoa watu kazini. Zilishindwa kwa sababu zililetwa peke yake. Tija haimo ndani ya chuma. Iko katika umeme usiokatika, fundi anayejua kuchonga kipuri, malighafi inayofika kwa wakati, bei inayomfanya mkulima apalilie shamba lake, na barabara ya kumfikisha sokoni. Anayeishi Kipatimu na kuijua barabara ya kushuka Njia Nne wakati wa masika hahitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Hata nchi tajiri zimejifunza hivyo kwa gharama. Kampuni ya Adidas ilijenga viwanda viwili vya viatu vilivyotegemea roboti, kimoja Ansbach, Ujerumani, na kingine karibu na Atlanta, Marekani, kwa nia ya kurudisha utengenezaji karibu na wateja. Mwaka 2019 ilitangaza kuvifunga na kupeleka teknolojia hiyo kwa watengenezaji wake wa Asia, ambako tayari kulikuwa na malighafi, mafundi na uzoefu wa miaka mingi.

Vietnam, ambayo tangu 2006 inaongoza duniani kwa kuuza korosho iliyobanguliwa, haikuanza na kamera. Ilianza na mashine ndogo za kusukumwa kwa mkono na mguu. Mishahara ilipopanda na wafanyakazi kukimbilia viwanda vya nguo na vifaa vya umeme, karakana zake zenyewe zikaanza kubuni mitambo ya kupasua ganda na ya kumenya, zikiirekebisha mpaka viini vizima vikaongezeka. Leo nchi hiyo huagiza sehemu kubwa ya korosho inayobangua, ikiwemo ya kwetu, na mitambo yake inauzwa Afrika. Waliotengeneza mashine ndio waliojua zinapoharibika zitengenezweje.

Tanzania nayo imejaribu tena. Novemba 2018, wanunuzi na Serikali waliposhindwana bei, Rais John Magufuli aliamuru korosho yote inunuliwe kwa Sh 3,300 kwa kilo, akaliagiza Jeshi la Wananchi kuisomba, na kiwanda cha Buko cha Lindi kikawekwa chini ya jeshi ili kibangue. Nia ilikuwa njema na mkulima alistahili bei ile. Lakini kiwanda hakifufuki kwa msimu mmoja, na sehemu kubwa ya mzigo ule iliishia kuuzwa ghafi. Tangu hapo uzalishaji umepanda sana. Msimu wa 2024/25 nchi ilivuka tani 500,000. Kila tani ghafi inayotoka hulipiwa ushuru wa asilimia 15 au dola 160, kinachozidi kati ya viwili. Ushuru huo ni fedha halali, ila haujageuka kuwa ajira ya msichana wa Kilwa aliyemaliza kidato cha nne.

Kuna wanaosema bora kubaki na mikono, kwa kuwa mashine itawanyima akina mama kazi ya kubangua. Hoja hiyo inastahili heshima, kwa sababu wanaoitoa wanawafikiria watu. Lakini mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi na kuacha vidole vyeusi vyenye malengelenge, na mwanamke hujipaka majivu au mafuta ya kula ili apunguze maumivu. Kazi hiyo ya kupasua ganda ifanywe na mashine bila majonzi. Kumenya, kupanga madaraja na kufungasha kunaweza kubaki mikononi mwa watu kwa miaka mingi, huku mafundi wakijifunza mashine ya hatua inayofuata. Côte d'Ivoire, inayoongoza duniani kwa korosho ghafi, imepiga hatua kubwa katika ubanguaji baada ya serikali yake kuwalipa wabanguaji ruzuku kwa kila kilo ya kiini na kuwawezesha kupata malighafi.

Mashine ikija, huja na swali la nani anakula tunda la tija. Swali hilo si geni kwa Wamatumbi, wenyeji wa Kipatimu. Julai 1905, huko Nandete, si mbali na Kipatimu, watu waling'oa miche ya pamba na Vita vya Maji Maji vikaanza. Walikuwa wamelazimishwa kulima mashamba ya pamoja yaliyosimamiwa na majumbe na maakida, na kilichowafikia kilikuwa kidogo mno kulinganisha na jasho lao. Pamba haikuwa adui. Mgawanyo ndio uliowashinda kuvumilia.

Mgawanyo huohuo unajitokeza upya kwenye gesi. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na tangu 2004 inapita bombani chini ya bahari, inatua Somanga na kuendelea hadi Dar es Salaam. Mtambo wa kisiwani hauhitaji watu wengi. Ni kazi ya vipimo na vyumba vya kuongozea. Kwa uwekezaji wa aina hii ajira haiwezi kuwa njia kuu ya kuwafaidisha wenyeji, kwa hiyo njia ni kodi. Halmashauri ya Kilwa ina haki ya ushuru wa huduma, unaotozwa kwenye mauzo. Bill Gates alipopendekeza mwaka 2017 kwamba roboti itozwe kodi kama mfanyakazi iliyemwondoa, dunia ilishangaa. Kilwa ilikuwa imeishi na swali hilo kwa zaidi ya miaka kumi.

Msimamo wa jarida hili, basi, ni kwamba pwani ya Lindi idai mashine, na idai pamoja nazo kila kinachozifanya zizae. Chuo cha ufundi cha VETA Lindi kifundishe umeme wa viwandani, uchongaji wa vipuri na uongozaji wa mitambo ya korosho, kwa vijana wa kike na wa kiume. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele, chenye ujuzi wa zao hili kuliko taasisi yoyote nchini, kikutanishwe na karakana za shirika la viwanda vidogo, SIDO, ili mashine ya kupasua ibuniwe kwa ukubwa wa korosho ya huku. Kongani ya viwanda inayojengwa Maranje, Mtwara, ni hatua nzuri, lakini isiwe sababu ya kuiacha Kilwa kuwa mahali pa kupima na kupakia tu.

Jambo la karibu zaidi linaweza kuamuliwa kabla ya msimu ujao kufunguliwa. Lindi Mwambao, Bodi ya Korosho na Halmashauri ya Kilwa wakae na vyama vya msingi, vikiwemo vya Umatumbi, wakubaliane kiasi cha korosho kitakachotengwa kwa wabanguaji wa ndani kabla ya mnada wa kwanza, bei yake isiyomnyonga mkulima, na sehemu ya ushuru wa korosho ghafi itakayolipia umeme na mafundi wa miaka ya mwanzo. Makubaliano hayo yaandikwe, yasomwe kwenye mikutano ya vijiji, na mkulima ajue jina la kiwanda kitakachopokea gunia lake.