Paa Si Mtu: Ramani za Wakazi wa Mbinga na Mwambao wa Nyasa

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,848,794 katika Mkoa wa Ruvuma. Mwaka 2012 walikuwa 1,376,891. Hesabu hiyo yafaa kugawia mkoa fedha, lakini haimwonyeshi mganga wa wilaya mahali panapostahili zahanati. Agawaye idadi ya watu kwa eneo la nchi hupata wastani tu, na wastani huo huwaweka pamoja Wamatengo wa milima ya Mbinga, ambao mashamba yao ya ngoro yamebanana juu ya miteremko, na mapori yasiyo na nyumba hata moja.

Ndiyo sababu wataalamu wamebuni ramani za miraba midogo. WorldPop, ya Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, huigawa nchi katika miraba ya mita 100 hivi kila upande. Kampuni ya Meta na Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, wametafuta majengo katika picha za setilaiti hata wakafikia miraba ya mita 30 hivi. Idadi iliyopatikana katika sensa husambazwa juu ya miraba yenye majengo, na miraba mitupu huachwa bila mtu. Hii ni hatua kubwa, na mpangaji anayeipuuza anawakosea wananchi.

Hata hivyo, paa si mtu. Na ichukuliwe kata ya kubuni yenye watu 6,000 na mapaa 2,000. Njia hiyo ikitumiwa bila kurekebishwa, kila paa litapewa watu 3. Mji wa mkulima wa kahawa mlimani, wenye nyumba, jiko, ghala na banda, utaandikiwa watu 12 ingawa wakazi wake ni 6. Kaya ya mvuvi ufukoni, yenye watu 6 vilevile chini ya paa moja, itaandikiwa 3. Jumla ya kata ingali sahihi. Lakini chanjo zitapanda mlimani, na watoto wa ufukoni watapungukiwa. Tena paa la nyasi chini ya mwembe huenda lisionekane kabisa.

Umbali nao una hila zake. Katika Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga, vijiji vya Lituhi, Liuli na Mbamba Bay vimekaa mwambaoni, kati ya maji na milima. Mstari mfupi ramanini waweza kuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu, na upepo wa mwera ukivuma mtumbwi hauendi. Mama mjamzito hapimi njia kwa rula. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa 2007–2017 ulikusudia zahanati kwa kila kijiji. Lakini kijiji chenye vitongoji pande mbili za korongo kinahitaji kuulizwa zahanati ikae upande upi.

Kwa hiyo ramani ya setilaiti haina budi kulinganishwa na daftari la wakazi la kitongoji kabla ya kuamua jambo lolote, na palipo na tofauti watu wakahesabiwe upya. Shule za sekondari zaweza kuanza kazi hiyo hata kesho: wanafunzi wahesabu mapaa na watu wa kitongoji kimoja, kisha wapate wastani wa watu kwa kila paa, mlimani na ufukoni. Majina ya wenyeji hayahitajiki, namba zatosha.