Waliomwigiza Moi wasiwape kisogo vijana wa leo

JICHO LA MTAA, na Rehema Wafula

Walter Mong'are alihitaji vitu viwili tu ili awe Daniel arap Moi: rungu mkononi na ile sauti ya kukwaruza. Akishavipata, ukumbi mzima ulikuwa wake. Yeye, John Kiarie na Tony Njuguna walikutana Chuo Kikuu cha Kenyatta, wakaunda Redykyulass, na Nation TV ikawaingiza sebuleni mwetu wakati Moi mwenyewe bado yuko Ikulu.

Aliyezaliwa baada ya Moi kuondoka 2002 huenda asione ajabu yoyote hapo. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alitiwa kizuizini mwisho wa 1977 kwa sababu ya mchezo wa kuigiza wa wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ. Wahome Mutahi, aliyetuchekesha kwa safu yake ya Whispers, alikamatwa 1986 na kupitishwa katika vyumba vya mateso vya Nyayo House. Watu wazima walikuwa wakitazama nyuma kabla ya kutaja jina la Rais. Halafu wakaja vijana watatu, wakaiga mwendo wake na hasira zake, na wiki iliyofuata wakarudi tena. Baba na mwanawe walicheka pamoja kwa jambo ambalo baba alikuwa amelinong'ona miaka yote. Kwangu mimi, kicheko kile kilisaidia kuufikisha utawala wa miaka 24 ukingoni, na sioni aibu kukitaja pamoja na kura.

Uingereza nayo ilikuwa na mchekeshaji Peter Cook. Mwaka 1961, katika onyesho la Beyond the Fringe jijini London, alimwigiza Waziri Mkuu Harold Macmillan, na siku Macmillan alipokuja kutazama, Cook alizidisha makali mbele yake. Ulikuwa ujasiri, lakini Cook hakuwa na Nyayo House ya kuiwazia akirudi nyumbani. Wetu walikuwa nayo, katikati ya jiji lao.

Mlango waliousukuma Redykyulass ulipofunguka, wengi walipita. Mwaka 2009 mchora vibonzo Gado alituletea vikaragosi vya XYZ Show, na wakubwa wote wakapata zamu yao.

Sasa naona mlango ukirudishwa. Kibet Bull, mchoraji wa picha za kivuli zilizomkejeli Rais William Ruto, alitekwa Desemba 2024 na hakuonekana hadi Januari. Aprili 2025 wasichana wa shule ya Butere walikwenda Nakuru na mchezo wao, Echoes of War. Polisi wakarusha vitoa machozi nje, nao wakaimba wimbo wa taifa na kuondoka jukwaani bila kuigiza. Wanafunzi wa sekondari! Oktoba mwaka huohuo sheria ya makosa ya mtandaoni ikakazwa.

Hapa Lucky Summer, Nairobi, kuanzia upande wa Baba Dogo hadi kule tunakopakana na Korogocho, kuna vijana wanaoiga wanasiasa wote ukiwaomba. Hawana kituo cha televisheni. Wana simu, na bando la kuwatosha kwa saa chache. Kinyozi mmoja wa mtaani anamwigiza Rais hadi wateja wanamsihi aweke mashine chini asije akawakata. Siku moja kijana mmoja alimrekodi. Kinyozi aliomba ile video ifutwe, akasimama pale mpaka akaona imefutwa. Iliniuma, kwa sababu woga ule naujua, nami niliamini tumeuzika.

Mong'are amefanya kazi serikalini, na 2022 alitafuta urais. Simlaumu, mchekeshaji ni raia. Lakini Kiarie ni mbunge wa Dagoretti Kusini tangu 2017, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya Bunge la Taifa inayoshughulikia mawasiliano. Katika bunge lote hakuna anayejua kuliko yeye thamani ya kumwigiza mtawala hadharani kisha ukalala kwako. Mheshimiwa, iite kamati yako iketi kuhusu jambo hili. Waite wasichana wa Butere, mwite Kibet, waite vijana wa Lucky Summer wenye simu zao, waeleze wanaogopa nini. Kisha andika mswada unaosema waziwazi kwamba kumwigiza, kumchora na kumkejeli kiongozi wa umma si kosa la jinai, uusome ukumbini kwa sauti yako mwenyewe.