Alama ya Kufaulu ni Ngapi? Tuambieni!

Makamanda, mimi ni mtoto wa mkulima wa pamba hapa Ipililo, Maswa. Mwezi uliopita nilifanya mtihani wa umeme wa majumbani kwa njia ya mtandao, pale stesheneri. Chuo sikitaji. Ada nimelipa, bodaboda nimelipa, bando nimenunua. Majibu yakaja neno moja tu: HUJAFUZU. Nimepata ngapi? Nilitakiwa nipate ngapi? Nimekosea wapi? Kimya. Kupiga simu, naambiwa "mfumo ndo umesahihisha". Mfumo! Kwani mfumo ulijipangia alama wenyewe?

Tusijifanye tumesahau. Februari 2013 yalitoka matokeo ya kidato cha nne ya 2012, watahiniwa zaidi ya 240,000 wakapata sifuri. Mei serikali hiyohiyo ya CCM ikayafuta, ikapanga madaraja upya, na baadhi ya waliofeli wakaamka wamefaulu bila kushika kalamu tena! Baadaye ikaja GPA, halafu tukarudishwa kwenye divisheni. Kumbe mstari wa kufeli huchorwa na mtu ofisini. Sasa wameuficha ndani ya kompyuta, hata wa kumuuliza hakuna.

Tunadai alama ya ufaulu itangazwe kabla mtu hajalipa, kila mtahiniwa aone alama zake swali kwa swali, na awepo binadamu wa kupokea rufaa.

Mimi barua yangu nimeshaandika, nakala iko kwa mtendaji wa kata. Na wewe uliyeambiwa hujafuzu, andika yako, Jumatatu tuzipeleke pamoja.