JINAI ISIWE SOMO LA ASKARI PEKE YAKE

Kijana wa Karatu akitiwa pingu pale stendi, neno lake la kwanza ni lile lile: "Nisamehe, afande." Hajaambiwa kosa, hajui haki yake, lakini msamaha ameshaomba! Wakubwa wanaupenda ujinga huo. Ndio mtaji wao.

Tukumbushane ya Loliondo, Wilaya ya Ngorongoro. Juni 9, 2022, katika mgogoro wa ardhi, madiwani na viongozi wengine wa wananchi walikamatwa. Kesho yake, Juni 10, askari polisi akauawa. Wale waliokwisha kukamatwa wakaunganishwa na wenzao katika kesi ya mauaji jijini Arusha. Swali la mwanafunzi wa jinai ni jepesi: aliyekuwa mahabusu jana, ameshiriki vipi mauaji ya leo?

Shitaka la mauaji halina dhamana. Wakasota rumande hadi Novemba 2022, kesi ilipofutwa. Miezi mitano hiyo nani atairudisha? Na waliosimama nao kizimbani walikuwa mawakili, siyo makelele ya kijiweni.

Mwaka 1995 Karatu ilithubutu kumpeleka bungeni mpinzani, Dk. Willibrod Slaa. Ujasiri tunao. Tunachopungukiwa ni ujuzi.

Kwa hiyo tunasema: vijana, someni sheria! Chuo kikuu cha kwanza nchini kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, kilianza na sheria. Humo utasoma Kanuni ya Adhabu, Sheria ya Ushahidi na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985, ile inayompa aliyekamatwa haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Askari anaijua. Kwa nini wewe usiijue?

Utasema ada ni mzigo kwa mtoto wa mlalahoi. Ni kweli, na hilo ni deni la serikali. Lakini usikae ukilisubiri. Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto kinatoa cheti na stashahada ya sheria. Na tangu mwaka 2017 msaidizi wa kisheria anatambuliwa na sheria. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama. Kisingizio cha Kiingereza kimekufa.

Ila ukishahitimu, usijifiche Dar es Salaam. Rudi Karatu, panda Ngorongoro. Siku afande atakapobisha hodi usiku, mama yako asiwe na la kusema ila "nisamehe"?